Msaliti na Haini: Maneno Mawili Mbele ya Kifo cha Koitalel

Katika nyanda za chai za Kericho na Bomet, kama ilivyo kwa majirani zao Wanandi, kisa cha Koitalel arap Samoei kinaposimuliwa kwa Kiswahili aghalabu huishia kwa kitenzi kimoja: alisalitiwa. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kitenzi hicho, ingawa kina uzito, huipeleka lawama kusiko.

Saliti limetoka katika Kiarabu, sallata, yaani kumpa mtu nguvu juu ya mwingine. Ni ndugu wa sultani. Kwa asili yake, basi, usaliti una watu watatu: anayetoa, anayetolewa, na mwenye nguvu anayepokea. Tafsiri ya Biblia ya 1952 ilipolitumia kwa tendo la Yuda ililiweka mahali pake hasa, kwani Yuda hakuua bali alimtia mwenzake mikononi mwa wenye mamlaka. Mashambani mwa chai, ambako Kiswahili huwaunganisha wachumaji wa makabila mbalimbali, msaliti ni yule apelekaye siri za wenzake kwa nyapara. Nyapara mwenyewe, awe katili namna gani, haitwi msaliti. Ana majina yake mengine.

Haini ni neno la ukoo tofauti. Asili yake ni khiyana, kuvunja amana, na hapa watu wawili wanatosha, mradi pawe na amana baina yao. Ndugu yake, hiana, kwetu amebaki na maana ya ugumu wa moyo na kunyima. Haini lenyewe limetekwa na dola: leo ni yule tu aliyeikosea serikali. Ajabu ni kwamba neno lenye nasaba ya sultani limeshuka hadi kwenye magomvi ya wapenzi, na neno la amana limepandishwa mahakamani. Adam Shafi aliijua kejeli hiyo alipoiita riwaya yake Haini (2003), kuhusu waliotiwa kizuizini Zanzibar baada ya Rais Karume kuuawa 1972. Anayeimaliza hana budi kujiuliza ni nani hasa aliyevunja amana. Tamthilia ya Francis Imbuga ya 1976, ambayo kwa Kiswahili inaitwa Usaliti Mjini, inazua swali hilohilo. Mulili ni msaliti barabara, lakini Boss, aliyekabidhiwa nchi nzima, sioni kama jina hilo linamtosha.

Turejee kwa Koitalel. Tarehe 19 Oktoba 1905, baada ya miaka kumi ya upinzani wa Wanandi, alikwenda kukutana na Richard Meinertzhagen kwa mazungumzo ya amani, akapigwa risasi. Ukisema "alisalitiwa", sarufi yenyewe inadai mtu wa tatu: na nani? Msikilizaji humtafuta miongoni mwa Wanandi, na masimulizi ya mtu wa ndani hayakosekani. Huku nyuma afisa aliyefyatua risasi anageuka mpokeaji tu, kama askari waliomshika Yesu bustanini. Hata kama mtu wa ndani alikuwapo, aliyevunja ahadi ni afisa.

Huenda mhakiki akapinga kwamba haini hutoka miongoni mwa watu wako, na hawa wawili walikuwa maadui. Pingamizi hiyo inatokana na maana ya kiserikali niliyoitaja. Amani na amana ni mzizi mmoja, na katika Kiarabu amani ni pamoja na ile dhamana ya usalama anayopewa adui ili aje bila kudhuriwa. Aliyemwita Koitalel kwa amani alimpa amana. Kwa hiyo Meinertzhagen ni haini, na neno hilo lisimamishwe mahali pake bila haya.

Kwa Wakipsigis hali ni nyingine. Kipchomber arap Koilegen, nduguye Koitalel na orkoiyot wao, alihamishwa kwa nguvu 1914. Ukoo wa Talai ukafukuzwa kwa sheria 1934 na kupelekwa Gwassi, na ardhi kubwa ya Kericho ikawa mashamba ya chai. Wazao wao waliofikisha madai yao katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu 2022 wanadai kwa jina la dhuluma. Neno hilo linawafaa, kwani waliwahamisha kwa amri na bunduki mchana kweupe. Koitalel aliitwa kwa amani.