Jani la Descartes na Mtego wa Alama

Mwaka 1638 René Descartes alimpa Pierre de Fermat changamoto ya kutafuta tanjenti za mchoro ambao leo huitwa jani la Descartes: x³ + y³ = 3xy. Hapa y haikai peke yake upande mmoja, na x moja yaweza kuwa na y tatu. Programu kama Matplotlib huuchoraje?

Kwanza, vyote huhamishiwa upande mmoja: F = x³ + y³ − 3xy. Eneo la mchoro hugawanywa miraba, na F hukokotolewa kwenye kila pembe. Pembe mbili jirani zikiwa moja hasi na nyingine chanya, mstari umepita kati yake. Kwenye (1, 1) F ni −1. Kwenye (2, 1) ni 3. Kwa uwiano, programu hukisia kuwa sifuri iko x = 1.25, ilhali jibu ni 1.532. Upana wa mraba ukipunguzwa hadi 0.1, makisio hufika 1.530. Kosa hili hutibiwa kwa miraba midogo.

Yapo yasiyotibika hivyo. Kwenye (0, 0) jani hujikata lenyewe. Mraba wenye nukta hiyo katikati huwa na hasi kwenye pembe mbili za mshazari mmoja na chanya kwenye mbili nyingine. Vipande vya mstari vyaweza kuungwa kwa njia mbili, na wastani wa pembe zote nne ni sifuri kamili, hauamui lolote. Panapostahili njia panda, huchorwa mistari miwili inayokwepana.

Sasa andika F² = 0. Jani ni lile lile, lakini F² haiwi hasi kamwe, hivyo skrini yaweza kubaki tupu. Nayo 1/(x + y) = 0 haina jibu hata moja, ila alama ya thamani hubadilika kati ya hasi na chanya ukivuka x + y = 0, na mstari wa uongo huchorwa.

Mwaka 2001 Jeff Tupper alichapisha njia inayokokotoa mipaka ya thamani za F ndani ya mraba mzima. Sifuri ikiwa nje ya mipaka hiyo, mraba huondolewa kwa uhakika. Kwa jani lenyewe ipo njia nyepesi: weka y = tx, upate x = 3t/(1 + t³), kisha chora kwa kubadilisha t, ukiiruka −1.

Kabla ya kuuamini mchoro unaotegemea alama, tafuta nukta za mstari ambapo miteremko yote miwili ya F, wa x na wa y, ni sifuri, na mahali ambapo F ina mgawanyo kwa sifuri. Hapo pakague kwa mkono.