Juu ya Kuchagua Mashairi ya Marekani

Wahenga walisema, Mchagua nazi hupata koroma. Methali hii yamfaa sana mtu akusanyaye mashairi ya wenziwe katika kitabu kimoja, kwani hata achague kwa makini namna gani, hakosi kulaumiwa. Twapenda kutazama jinsi mashairi ya Marekani ya zama hizi yalivyochaguliwa, tuone lawama ipi ni ya haki.

Mwaka 1957 Donald Hall na wenzake wawili walitoa mkusanyo wa washairi wapya wa Uingereza na Marekani. Mwaka 1960 Donald Allen akatoa wake, wenye washairi 44 wa Marekani. Mtu angedhani majina mengi yamo katika vitabu vyote viwili. Kumbe hapana hata moja. Wale wa kwanza walipendelea zaidi vina na mizani. Allen aliwapenda walioacha sheria hizo. Basi mwanafunzi aliyepata kimoja tu alidhani ameiona Marekani nzima, naye ameona nusu. Tena katika washairi wale 44 wa Allen, wanawake walikuwa 4, na mtu mweusi mmoja tu, LeRoi Jones.

Hatari hiyo James Weldon Johnson alikwisha kuiona. Mwaka 1922 alikusanya mashairi ya watu weusi wa Marekani, akaeleza katika dibaji yake kwamba ukubwa wa taifa hupimwa kwa fasihi na sanaa lilizozaa. Asiyetajwa kitabuni huhesabiwa kuwa hakusema neno.

Mwaka 2011 Rita Dove aliufungua mlango wazi, akaingiza washairi wapatao 175 wa karne ya 20. Helen Vendler, mtaalamu mkubwa wa mashairi, alimlaumu kwamba hakuna karne iwezayo kuzaa washairi wengi hivyo wanaostahili kusomwa. Dove akamjibu kwa maneno makali. Sisi twaona swali la Vendler ni jema, maana kitabu si uwanja wa kuingia kila apitaye. Lakini wingi peke yake si kosa. Kila mchaguzi ana kipimo chake, na kosa ni kukificha.

Tena kiko kipimo ambacho wasomaji hawakidhanii, nacho ni fedha. Katika kitabu cha Dove hawamo Allen Ginsberg wala Sylvia Plath. Hawakukosekana kwa sababu aliwadharau, bali ada ya ruhusa ya kuyachapa mashairi yao ilizidi uwezo wake. Jambo hili alilisema waziwazi, na kwa hilo twamsifu. Angalinyamaza, kijana asiyejua angalihesabu kwamba wawili hao si kitu.

Basi, ndugu msomaji, upatapo kitabu cha namna hii, usikimbilie shairi la kwanza. Soma dibaji, kisha tazama orodha ya majina, ujiulize ni nani hayumo na kwa sababu gani. Na sisi waalimu, tuchukuapo mashairi matano tu kuwasomea watoto darasani, tu wachaguzi vilevile. Tusiwafungie kitabu bila kuwaambia kwamba yako mengine tuliyoyaacha, na kwa nini tumeyaacha.