Uasi au Vita?

Wikipedia, kamusi elezo ya intaneti, kwa Kiingereza inavipa vita vya Maji Maji vya 1905–1907 jina lenye maana ya "uasi". Lakini mwasi ni nani? Si yule anayemvunjia utii mtawala wake halali? Sasa Wamatumbi, waliolimishwa pamba kwa nguvu, walimtawaza Mjerumani lini? Tutaambiwa kila mtu ana ruhusa ya kuhariri. Sawa, ila kanuni yataka ushahidi uliochapishwa. Na mitambo ya kuchapa ilikuwa ya nani? Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walikusanya simulizi za wazee kuhusu vita hivyo. Nasi wahakiki tuzichape simulizi za namna hiyo, tuzinukuu. Tusipofanya hivyo, ndugu zangu, neno la mkoloni litaendelea kutamba.