Mzingo wa nukta na ishara inayodanganya

Zungushia kamba iliyokazwa vigingi vyote vilivyopigiliwa shambani: itashika vya pembeni tu. Mzingo huo kompyuta huutafuta kwa njia kadhaa. Ronald Graham alitoa yake mwaka 1972, Jarvis mwaka 1973, na mwaka 1979 Andrew akairahisisha ile ya Graham: panga nukta kwa x, pita kushoto kwenda kulia upate upande wa chini, kisha rudi kwa upande wa juu. Ubishi mkubwa huwa ni ipi yenye kasi. Naona ubishi huo umebisha hodi mlango usio wake, kwa maana zote tatu hutegemea hesabu moja ndogo, na hapo ndipo programu nyingi huharibikia.

Hesabu hiyo huuliza: ukitoka A kupitia B hadi C, umekata kushoto au kulia? A ikiwa (0,0), zidisha x ya B kwa y ya C, kisha toa y ya B mara x ya C. Kwa B (1,1) na C (2,0) tunapata −2. Hasi ni kulia, basi kwenye upande wa chini B inatupwa. Sasa weka B (0.1, 0.3) na C (1, 3). Zote ziko kwenye mstari mmoja, jibu lingekuwa sifuri. Python hutoa takriban 5.55 × 10⁻¹⁷, kwa kuwa 0.1 haiandikiki kikamilifu katika mfumo wa jozi. Chanya! Kona isiyokuwepo imezaliwa. Ishara ikigeuka upande wa pili, kona ya kweli hufutwa na nukta yake kubaki nje ya mzingo.

Wengi watasema: weka kizingiti, chochote chini ya 0.000001 kiwe sifuri. Lakini hesabu hii hutoa eneo la pembetatu mara mbili. Ukitumia digrii za ramani karibu na ikweta, kizingiti hicho kinameza pembetatu ya zaidi ya ekari moja. Afadhali ubadili vipimo viwe sentimita, namba kamili za biti 64, ambamo hata tofauti za kilomita 10,000 huzidishwa bila kufurika. Ni kweli kukadiria hadi sentimita husogeza nukta kidogo, ila GPS ya simu hukosea kwa mita nzima. Asiyeweza kuziacha desimali atumie majaribio ya ishara aliyochapisha Jonathan Shewchuk mwaka 1997, ambayo huongeza usahihi pale tu ishara inapotia shaka. Njia ya Jarvis nayo hufaa kona zikiwa chache, lakini haiponyi ugonjwa huu. Kwa kazi za kawaida, andika ya Andrew kwa namba kamili.