Kufuatilia Hukumu za Rufaa Mtandaoni Nchini Uganda

Hukumu za mahakama za rufaa za Uganda husomwa bila malipo katika tovuti ya ULII, ambayo huendeshwa na Mahakama ya nchi hiyo ikisaidiwa na AfricanLII ya Cape Town. Jina la mwenye kesi peke yake halitoshi kuipata hukumu, kwa sababu shauri hubadili nambari, na huweza kubadili jina pia, kila linapopanda ngazi.

Kesi maarufu ya adhabu ya kifo ni mfano mzuri. Katika Mahakama ya Katiba, Kampala, ilikuwa Ombi la Kikatiba Na. 6 la 2003, Susan Kigula na wenzake 416 dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Serikali ilipokata rufaa katika Mahakama ya Juu, ikawa mrufani, na mrufani ndiye hutangulia kutajwa. Shauri likageuka Rufaa ya Kikatiba Na. 3 ya 2006, Mwanasheria Mkuu dhidi ya Susan Kigula na wenzake 417.

Kitambulisho kisichoyumba ni nambari ya marejeo ya hukumu yenyewe. Ya rufaa hiyo ni [2009] UGSC 6: mwaka wa hukumu, herufi za Mahakama ya Juu, kisha nambari ya hukumu katika orodha ya mwaka huo. UGCA ni Mahakama ya Rufaa, UGCC Mahakama ya Katiba, na UGHC Mahakama Kuu. Anayechuja orodha kwa mwaka 2006 ataikosa, maana huo ni mwaka wa kufunguliwa rufaa. Uamuzi ulitolewa tarehe 21 Januari 2009.

Kuchagua mahakama nako kuna mtego. Kwa Ibara ya 137 ya Katiba ya 1995, Mahakama ya Rufaa ndiyo hukaa kama Mahakama ya Katiba, ikiwa na jopo la majaji watano. Majaji ni wale wale, ila hukumu zao hupangwa katika makundi mawili.

Maneno ya kutafutia huwa ya Kiingereza, lugha ya hukumu zenyewe. Nambari za sheria nazo zimebadilika: katika toleo la sheria lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, Sheria ya Kanuni ya Adhabu imetoka Sura ya 120 na kuwa Sura ya 128. Utafutaji kamili hutumia nambari zote mbili.

Hukumu ikishapatikana, huangaliwa ni jaji gani anayesema. Katika rufaa ya Kigula, walio wengi walikubali kwamba adhabu ya kifo ya lazima inakiuka Katiba, na kwamba mfungwa aliyengoja zaidi ya miaka mitatu baada ya rufaa ya mwisho abadilishiwe adhabu iwe kifungo cha maisha. Jaji Egonda-Ntende alitofautiana nao katika baadhi ya hoja. Sentensi iliyookotwa kwenye maoni yake yaweza kudhaniwa kuwa ndiyo sheria.

Hatua ya mwisho ni kukagua hukumu na sheria za baadaye. Chini ya Ibara ya 132, mahakama nyingine zote hufuata uamuzi wa Mahakama ya Juu kuhusu hoja za sheria, lakini Bunge laweza kubadili sheria yenyewe, kama lilivyofanya mwaka 2019 kwa kuiondoa adhabu ya kifo ya lazima. Nyaraka za kesi zinazoendelea hazimo ULII. Hizo huwasilishwa kupitia ECCMIS, mfumo wa mahakama ulioanza mwaka 2022, ambao mtumiaji huingia kwa akaunti yake.