Mdanganyifu na Hakimu Wake

Mchezo ni mapatano. Watu wawili wanapoketi mbele ya ubao wa bao, kila mmoja amekwisha kukubali, pasipo kuandika wala kuapa, kwamba hataongeza kete mwenziwe anapogeuka kumwitikia mpita njia. Mapatano hayo yakivunjwa hakuna mchezo tena. Kuna mikono tu inayosogea juu ya ubao. Kwa hiyo swali ambalo vijana hubishana juu yake siku hizi, kama kampuni za michezo ya kompyuta zina haki ya kuwafukuza wachezaji wanaodanganya, halinipi taabu. Haki hiyo zinayo. Taabu huanza mbele ya hapo, mahali ambapo wengi wanaolijibu swali hili wamekwisha kuweka kalamu chini: nani amhukumu mdanganyifu, kwa ushahidi gani, na adhabu yake idumu muda gani?

Si wasomaji wote wanaocheza michezo hii, basi yafaa udanganyifu wenyewe uelezwe. Katika michezo ya kupigana kwa bunduki, kama vile Counter-Strike na Fortnite, wachezaji walio mbalimbali hukutana kwa njia ya intaneti, na ushindi hutegemea wepesi wa jicho na utulivu wa mkono. Ustadi huo haupatikani kwa wiki moja. Lakini kuna programu zinazouzwa, nyingine hulipiwa kila mwezi kama kodi ya chumba, ambazo humlengea mnunuzi shabaha yeye akiwa amestarehe, au humwezesha kumwona adui aliyejificha nyuma ya ukuta. Anayepambana naye hapambani na mtu. Atauawa mchezoni mara kumi bila ya kulijua kosa lake, na mara ya kumi na moja atazima mashine akalale.

Watetezi wa udanganyifu huleta hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba huu ni mchezo tu. Asemaye hivyo hajasikia kwamba mwezi wa Julai 2019, mjini New York, mashindano ya dunia ya Fortnite yalikuwa na zawadi za dola milioni 30, na kijana Mmarekani wa miaka 16 akaondoka na dola milioni 3. Penye fedha kama hizo, hila ni wizi. Na hata pasipo fedha, saa moja ya mtoto aliyemaliza kazi zake za shule ni mali yake, wala hakuna aliyepewa ruhusa ya kuiharibu. Hoja ya pili ni ya yule asemaye, "Nimeununua mchezo huu kwa fedha zangu." Hii ina nusu ya kweli. Anayecheza peke yake na mashine, akajiongezea uhai na silaha, hamdhulumu mtu, wala sioni sababu ya kampuni kumfuata. Lakini aliyenunua viatu vya mpira hakununua pamoja navyo ruhusa ya kufunga bao kwa mkono.

Sasa tumtazame hakimu. Mwezi wa Februari 2023 kampuni ya Valve ya Marekani, yenye mchezo wa Dota 2, ilifanya jambo la werevu. Iliweka ndani ya mchezo sehemu ya siri ambayo mchezo wenyewe hauisomi kamwe unapochezwa kwa kawaida. Programu za hila pekee ndizo zilizokuwa na desturi ya kuchungulia humo. Kisha ikangoja. Waliochungulia walinaswa, na akaunti zaidi ya 40,000 zikafungwa. Huo ni ushahidi ambao hata mimi, nisiyeucheza mchezo huo, naweza kuuelewa na kuukubali. Mtu aliyekutwa ndani ya ghala lisilo na mlango hawezi kusema kwamba alipotea njia.

Lakini kampuni hiyohiyo, mwaka 2010, iliwafungia wachezaji wapatao 12,000 wa Call of Duty: Modern Warfare 2 ambao hawakuwa na kosa lolote. Mtambo wake wa ulinzi, ulioanza kazi mwaka 2002, ulilinganisha faili iliyokuwa katika diski na nakala yake iliyokuwa katika kumbukumbu ya kompyuta. Faili ya kwanza ilikuwa imebadilishwa na kampuni yenyewe. Zikatofautiana, na tofauti hiyo ikahesabiwa kuwa hila ya mchezaji. Mkuu wa kampuni, Gabe Newell, aliomba radhi, adhabu ikafutwa, na waliodhulumiwa wakapewa mchezo mwingine bure. Mnamo Oktoba 2023 jambo la jinsi hiyo likatokea tena: baadhi ya wachezaji wa Counter-Strike 2 walifungiwa kwa sababu ya programu halali ya AMD, watengenezaji wa vifaa vya kompyuta, iliyokusudiwa kupunguza ucheleweshaji mchezoni. Nao walifunguliwa baadaye.

Wale wa mwaka 2010 waliokolewa na wingi wao. Watu 12,000 wakilalamika pamoja, kelele yao husikika hadi ofisini kwa mkuu. Je, akionewa mmoja?

Sisi walimu tumelizoea jambo hili katika chumba cha mtihani. Mwanafunzi anaposhikwa na kile kikaratasi kiitwacho mwakenya, kikaratasi huwekwa mezani mbele yake. Msimamizi huandika alichokiona, mwanafunzi naye huandika maelezo yake, na mzazi huitwa. Hata mwenye hatia hupewa nafasi ya kusema, na mara chache, lakini si kamwe, imeonekana kwamba kikaratasi kilidondoshwa na mtu mwingine. Katika michezo ya kompyuta kampuni ndiyo mshitaki, ndiyo shahidi, ndiyo hakimu, na ndiyo muuzaji aliyekwisha kupokea fedha za mshitakiwa.

Kampuni hujitetea kwamba zikieleza jinsi zilivyomkamata mtu, wauzaji wa programu za hila watajifunza kuukwepa mtego. Utetezi huu una uzito, wala siupuuzi. Hata hivyo kuificha njia ya mtego ni jambo moja, na kumficha mtu shitaka lake ni jambo jingine. Inawezekana kumwambia ni siku gani alidanganya, katika mchezo upi, na kwa hila ya namna gani. Na inawezekana rufani yake isomwe na binadamu.

Tena kuna kipimo cha adhabu, na hapa ndipo ninapozilaumu kampuni zaidi. Mwezi wa Novemba 2019 Epic Games, wenye Fortnite, walimfungia maisha kijana Mwingereza wa miaka 17, mashuhuri kwa video zake za mchezo huo, kwa sababu alitumia programu ya kulenga shabaha katika video hizo. Hakuitumia katika mashindano ya fedha. Mwaka huohuo wachezaji waliokula njama katika mechi za kuwania nafasi ya yale mashindano ya New York walifungiwa siku 14. Aliyefanya hila kwa ajili ya watazamaji alipewa maisha. Waliofanya hila penye mamilioni walipewa wiki mbili. Mwalimu akitoa adhabu kwa kipimo hicho, darasa zima litajifunza kwamba hakuna kipimo. Na kijana wa miaka 17 si mtu aliyekwisha kuumbika tabia. Kumwambia "milele" ni kusema kwamba hatabadilika.

Mwenye kustahili mkono mzito ni yule atengenezaye hila na kuiuza. Bunge la Korea Kusini lililiona hilo mwishoni mwa mwaka 2016, likapitisha sheria inayofanya kutengeneza na kusambaza programu hizo kuwa jinai, na kifungo chake chaweza kufika miaka mitano.

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja alinijia na simu mkononi. Akaunti yake ya miaka miwili ilikuwa imefungwa, na sababu iliandikwa kwa sentensi moja. Alisema kwamba binamu yake aliiazima simu wakati wa likizo. Pengine ni kweli, pengine sivyo. Mimi sikuweza kujua, na nilitaka kampuni itusaidie kujua. Tuliketi pamoja tukaandika barua ya kuuliza ni siku gani kosa lilitendeka, maana tarehe peke yake ingetosha kumtetea au kumtia hatiani. Jibu lilikuja kabla hatujainuka kitini. Ilikuwa sentensi ileile.