Hapa Basi

Mchimba kisima wa Likoni akiwa shimoni hasemi sana. Anagonga, anasikiliza. Mtaimbo ukilia kwa ukali, hilo ni jiwe la matumbawe, kuta zitasimama zenyewe. Ukididimia kimya, ni mchanga, naye hupanda juu kwanza akafikiri namna ya kuzizuia kuta zisimwangukie. Mara nyingi hulipwa kwa futi, kwa hiyo riziki yake imo katika kwenda chini. Ninachomsifia mimi ni pale anapokataa kwenda.

Kule kwenye milima ya Alps, watelezaji wa theluji wanaojitosa mbali na njia zilizopangwa huchimba shimo kwenye theluji kabla ya kukanyaga mteremko, wakakagua matabaka. Theluji ngumu ikilalia tabaka legevu, uzito wa mtu mmoja unaweza kuuporomosha mteremko mzima. Bara ya Mombasa haina theluji, lakini matabaka inayo. Likoni na Kisauni zimekalia matumbawe ya kale na mchanga. Changamwe imekalia tope lililogeuka mwamba tangu zama za dainosari, na maji yake ni haba, tena yana chumvi. Fundi wa Likoni akiitwa Magongo, huko huko Changamwe, huenda kama mgeni.

Hata akiyafikia maji, kazi haijaisha. Kwenye matumbawe, maji matamu huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya mwambani, kwa kuwa ni mepesi. Kwa hesabu ya wanajiolojia, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 chini yake. Ukiyavuta kwa pupa yakashuka mita hiyo moja, chumvi huweza kupanda zote 40. Ndiyo maana fundi huteka kwa kiganja, akaonja, akangoja. Visima vya karibu na pwani hupanda na kushuka pamoja na bahari, basi huonja maji yakijaa, akaonja tena yakipwa.

"Fundi, ongeza futi mbili tu, kiangazi hiki hapa."

"Hapa basi, bwana. Ukitaka chumvi, bahari ile pale."

Kabla ya yote hayo huwa ameshauliza choo cha jirani kiko wapi, maana matumbawe yana matundu na hayachuji kitu. Huteremsha pia taa kwa kamba. Ikizimika, hashuki mtu. (Taa haigundui kila hewa mbaya, na fundi mzuri hilo analijua.)

Bomba la Mzima lilianza kuleta maji Mombasa miaka ya 1950, lakini mifereji hukauka, na fundi huitwa. Siku hizi mashine pia huitwa, nayo hufika kwa saa chache kina ambacho sururu hukitafuta kwa siku nyingi. Sina ugomvi nayo. Ila bado sijamwona mwenye mashine akionja maji kabla ya kudai fedha zake.